UKUMBI WA VIJANA: Mtindo wa Picha Huzaliwa Wapi?

Ndugu wasomaji, na hasa nyinyi vijana ambao ukurasa huu ni wenu, mwezi huu twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wazee wengi hawalijui, na vijana wengi hukesha kwa ajili yake. Nalo ni picha za Kijapani: zile zilizochapwa vitabuni, ziitwazo manga, na zile zinazotembea katika sinema na televisheni, ziitwazo anime. Sababu ya kulichagua jambo hili ilitokea nyumbani kwetu, nasi tutaieleza kama ilivyokuwa.

Binti wa kaka yangu, mwenye umri wa miaka 15, alikuwa ameketi barazani na kitabu chake. Bibi yake, ambaye ndiye mama yangu mzazi, akamwuliza anasoma nini. Akajibu, "Kitabu cha manga, bibi." Mama yangu akafurahi sana, kwani kwa watu wa rika lake Manga ni Arabuni, ndiko walikotoka Wamanga na ndiko ilikopata jina pilipili manga. Akakitwaa kile kitabu, akaona kinafunguliwa kutoka kulia kama vitabu vya Kiarabu, furaha ikazidi. Lakini alipofunua ukurasa wa kwanza alimkuta kijana mwenye nywele zilizosimama kama miba ya nungunungu na macho makubwa kama visahani. Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena, kisha akauliza, "Na huyu ni mtu wa wapi?"

Tulicheka sote, naye akacheka nasi. Kwa hakika Wajapani nao tangu kale huandika kutoka juu kwenda chini, na mistari yao hufuatana kutoka kulia, ndiyo sababu vitabu vyao hufunguliwa upande huo. Na neno lao manga maana yake ni picha zilizochorwa bila ya kujifunga. Fundi mkubwa Katsushika Hokusai alilitumia jina hilo katika vitabu vyake vya michoro, na cha kwanza kilitoka mwaka 1814.

Basi binti yetu huyu si msomaji tu, bali ni mchoraji. Alikuwa na madaftari manne yaliyojaa, na kila Ijumaa jioni alikuwa akibishana na shoga yake ni mtindo upi ulio bora: huyu asifu mistari myepesi ya mchoraji huyu, yule asifu mapambo ya mchoraji mwingine. Ubishi ule ulikuwa furaha yao.

Kisha ikafika Machi ya mwaka 2025. Ilienea duniani programu ya kompyuta ambayo mtu huipa picha ya kawaida, naye akarudishiwa kwa muda mfupi imegeuzwa kuwa kama iliyochorwa na mafundi wa Studio Ghibli, ile nyumba mashuhuri ya sinema za kuchora iliyoasisiwa Japani mwaka 1985. Watu wakageuza picha za arusi zao, za watoto wao, hata za paka wao. Yule shoga naye akaigeuza picha yetu ya siku ya Idi, sote tumesimama mbele ya mlango, nayo ikarudi ina mashavu ya waridi na mawingu kama pamba. Nakiri ilikuwa nzuri. Kila mtu aliisifu, ila binti yetu peke yake hakusema neno. Usiku ule aliyafunga madaftari yake kwa kamba akayasukuma chini ya kitanda.

Nilipomwuliza baada ya wiki mbili, akaniambia, "Ami, nimejifunza miaka mitatu, nia yangu ni mkono wa mtu usitoke kama mhogo. Kompyuta imefanya yote kwa dakika moja. Nijitaabishe kwa nini?"

Sikuwa na jibu. Mimi si mchoraji, na maneno ya kumliwaza mtoto bila ya kumjibu sikuyapenda. Nikamwambia, "Nipe muda, nami nitakujibu." Tangu hapo tulisoma pamoja na kutazama pamoja, na haya ndiyo tuliyoyapata. Ama hukumu ya kuchora viumbe wenye roho, wanavyuoni wameizungumza kwa urefu, na mwenye kuitaka awaulize wao. Sisi hapa twazungumza habari ya sanaa yenyewe, ilivyotokea na inavyofanywa.

Tulianza na yale macho yaliyomshangaza mama yangu. Wengi hudhani Wajapani huchora macho makubwa kwa kutamani sura za Kizungu. Mambo hayakuwa mepesi hivyo. Tangu miaka ya 1930 yuko mchoraji Jun'ichi Nakahara aliyewachora wasichana wenye macho mapana, yenye majimaji, katika magazeti ya wasichana wa Kijapani. Kisha akatokea Osamu Tezuka, aliyezaliwa mwaka 1928. Huyu alikulia Takarazuka, mji wenye tamthilia ambazo wachezaji wake wote ni wanawake, hata wanaocheza nafasi za wanaume, na macho yao hupakwa rangi yakakuzwa ili aliyeketi mbali ayaone. Tena alizipenda mno sinema za kuchora za Walt Disney wa Marekani. Yote hayo yaliingia katika kalamu yake.

Mwaka 1947, akiwa na miaka 18 na mwanafunzi wa udaktari, alichora kitabu kiitwacho Kisiwa Kipya cha Hazina, kwa hadithi iliyotungwa pamoja na Shichima Sakai. Japani ilikuwa imeshindwa vita, miji imeungua, na karatasi ni adimu. Vitabu kama kile viliuzwa rahisi, karatasi zake ni mbovu, na viliitwa vitabu vyekundu kwa sababu ya rangi za majalada yake. Sasa fikirini: katika karatasi mbovu, ndani ya kisanduku kidogo kama kiberiti, utamwonyeshaje mtoto kwamba mtu huyu amevunjika moyo? Jicho likiwa kubwa, huzuni huonekana. Yale tunayoyaona leo kuwa ni urembo yalikuwa pia na kazi yake.

Kadhalika na picha zinazotembea. Tarehe 1 Januari 1963 ilianza kuonyeshwa katika televisheni hadithi ya Tezuka ya mtoto wa chuma, Atom, kila wiki kwa muda wa nusu saa. Sinema hupitisha picha 24 kwa sekunde moja, na mafundi wa Marekani katika filamu zao kubwa walichora michoro 12 au hata 24 kwa kila sekunde. Tezuka hakuwa na fedha wala mikono ya kutosha. Basi akachora michache mno: uso ukasimama na mdomo ukatembea peke yake, mchoro mmoja ukatumiwa mara nyingi, na mwendo wa kasi ukaonyeshwa kwa mistari iliyochorwa nyuma ya mtu. Uhaba ule ndio uliozaa sura ambayo vijana wa leo huiita mtindo wa anime. Walakini haki isemwe yote. Kazi ile aliiuza kwa bei iliyo chini ya gharama, na wako wanaomlaumu mpaka leo kwamba ndiye aliyefungua mlango wa ujira mdogo kwa wachoraji waliokuja baada yake.

Baada ya Tezuka tulimsoma Shigeru Mizuki, naye ndiye aliyemgusa binti yetu kuliko wote. Alizaliwa mwaka 1922. Wakati wa vita alipelekwa askari katika kisiwa cha New Britain, ambacho leo kimo katika Papua New Guinea. Huko aliugua malaria, na bomu la ndege likamkatisha mkono wa kushoto. Alirudi kwao na mkono mmoja. Akaishi kwa kuchora picha za hadithi za barabarani, ambazo msimuliaji huzitembeza kwa baiskeli na kuwasimulia watoto. Baadaye akawa mchoraji wa manga, akasifika kwa hadithi za majini na mizimwi ya Kijapani. Mwaka 1973 alitoa kitabu juu ya askari wa kisiwa kile, walioamrishwa waende kufa bila ya faida yoyote.

Tazameni picha zake. Watu wake amewachora kwa mistari michache, pua ndefu na meno wazi, kama mchezo wa mtoto. Lakini nyuma yao kuna misitu, mawe, mawimbi na mawingu yaliyochorwa nukta kwa nukta, mstari kwa mstari, hata macho huchoka kuyahesabu. Mtu ni mdogo na mwepesi, na dunia ni nzito. Mimi sidai kuyajua yaliyokuwa moyoni mwake, lakini aliyelala msituni anauguza jeraha lake, huku wenziwe wanakwisha, haoni ajabu kuichora dunia hivyo. Mizuki alifariki mwaka 2015, akiwa na miaka 93. Binti yetu alifunga kitabu akasema, "Kwa mkono mmoja, ami, ile karatasi ilishikwa na nini?" Hakulitazamia jibu.

Tukaja kwa Studio Ghibli wenyewe, ambao mtindo wao ndio uliofanyiwa mchezo. Mmoja wa waasisi wake, Isao Takahata, aliyefariki mwaka 2018, alikuwa mwongozaji asiyechora kwa mkono wake. Mwaka 1945, akiwa mtoto wa miaka 9, alikimbia katika moto wa mabomu mjini Okayama. Filamu yake ya mwisho, Hadithi ya Binti Kaguya, ilitoka mwaka 2013 baada ya kazi ya miaka mingi. Humo mistari haikukamilishwa, ni kama ya mkaa, na rangi ni nyepesi za maji, na pembeni mwa picha karatasi imeachwa nyeupe. Binti yule anapotoroka kwa hasira, mistari hukatika na kupigwapigwa, hata humwoni tena mtu bali waiona hasira yenyewe inakimbia. Basi chini ya jina hilo moja la Ghibli iko mitindo mingi. Hii ya Takahata haifanani na ile ya mwenzake Hayao Miyazaki, mwenye miti na mawingu ambayo mafundi kama Kazuo Oga waliyapaka kwa brashi katika filamu ya Totoro ya mwaka 1988.

Na katika filamu ya Miyazaki ya mwaka 2013, iitwayo Upepo Unavuma, imo picha ya msongamano wa watu, kila mmoja anakwenda njia yake: huyu anavuta mzigo, yule anageuka nyuma. Mchezo wake ni sekunde 4 tu. Mchoraji wake, Eiji Yamamori, aliifanya kwa muda wa mwaka 1 na miezi 3. Nilipomsomea binti yetu habari hiyo alinyamaza kitambo, kisha akaomba tuzirudie zile sekunde nne. Tulizirudia mara saba, na kila mara tulimwona mtu ambaye hatukumwona kwanza.

Miyazaki mwenyewe, mwaka 2016, alionyeshwa kiumbe kilichofundishwa kutembea na kompyuta, kinajiburura kwa kichwa chake. Alichukizwa waziwazi. Alimtaja rafiki yake mlemavu ambaye hata kuinua mkono amsalimu mtu ni taabu kwake, akasema kwamba waliotengeneza kitu kile hawakufikiri maumivu ni nini. Hakuwa akisema juu ya programu ya mwaka 2025, maana haikuwapo bado, na si haki kuyahamisha maneno yake. Lakini mafunzo yamo: kwa fundi yule, kuchora mwendo wa mtu ni kumjua mtu anayekwenda.

Mwisho tulifika kwenye kitabu akipendacho yule shoga. Mchoraji wake ni mwanamke, Kaoru Mori, na kitabu ni Otoyomegatari, yaani Hadithi ya Bibi Arusi, alichokianza mwaka 2008 na kikapata tuzo ya Manga Taisho mwaka 2014. Mambo yake yametokea Asia ya Kati katika karne ya 19, miongoni mwa watu wa Kituruki, Waislamu wa nyika na miji ya njia za misafara. Humo mna mazulia, milango ya kuchongwa, mikate yenye nakshi, na nguo zilizotariziwa, na kila uzi umechorwa kwa wino. Iko sehemu ambayo bibi wa nyumba anamfungulia mtoto wa kike vitambaa vya ukoo na kumwonyesha: hili ni pambo la fulani, na hili ni la fulani aliyekuja kuolewa kutoka mbali. Kila mkono umeacha alama yake, na mtoto ataongeza yake.

Nilimpa mama yangu kitabu hicho. Safari hii hakuuliza mtu huyu ni wa wapi. Aliuleta ukurasa karibu na macho, akafuata tarizi kwa kidole, akasema, "Aliyechora hivi amewahi kushika sindano, au amekaa karibu na aliyeishika."

Hapa sina budi kuwapa wazazi neno moja. Msiukisie umri wa kitabu kwa mtindo wa picha zake. Huko Japani magazeti ya manga hugawanywa kwa wasomaji: ya wavulana, ya wasichana, ya wanaume watu wazima, na ya wanawake watu wazima. Picha za duara zenye macho ya kitoto huweza kubeba mambo mazito kabisa. Keiji Nakazawa, aliyekuwa na miaka 6 bomu lilipoangushwa Hiroshima mwaka 1945, alianza mwaka 1973 kuyasimulia yaliyompata katika kitabu cha mtoto aitwaye Gen. Sura ni za kitoto, na yaliyomo ni moto na vifo vya watu wa nyumba yake. Ni kitabu cha kuheshimiwa, lakini mzazi akisome kwanza. Na viko vingine, visivyo na heshima hiyo, vyenye upuuzi na uchafu ndani ya jalada la kupendeza. Kukataza vyote bila ya kufunua ni uvivu, na kuruhusu vyote bila ya kufunua ni uvivu vilevile.

Sasa turudi kwenye swali. Binti yetu alikuwa na hoja, akanitolea: "Ami, hao ni mafundi wakubwa. Mimi nakopia tu kazi za watu. Kompyuta inakopia, nami nakopia. Tofauti iko wapi?" Kabla sijafungua mdomo, mama yangu akajibu. Alikuwa ameketi pembeni akishona kofia ya mkono. Nyinyi mnaijua kazi hiyo: vitundu vidogo vidogo vikizungushiwa uzi kimoja kimoja, na kofia moja huchukua wiki nyingi. Binti akamwuliza, "Bibi, zilipokuja kofia za mashine, mbona wewe hukuacha?"

Mama akasema, "Niliacha. Wanunuzi walikwenda kwenye rahisi, nami nikaweka sindano miaka miwili. Wengine hawakurudi mpaka leo, nisikudanganye. Lakini mikono ilinisumbua. Nilipokuwa nikishona nilikuwa nikiona: naona ukuta wa msikiti una pambo, naona ua la mkungu, nasema hili nitalitia. Nilipoacha, nikawa napita tu. Mashine hutoa kofia, mjukuu wangu. Haitoi mshonaji."

Mimi sikuwa na la kuongeza. Tezuka alikopia Disney, hakuna anayelikana hilo. Lakini mkono unaokopia hujifunza, hukosea, huuliza kwa nini mstari huu umepinda, na siku moja huutia mstari usiokuwamo. Anayebonyeza simu hupata picha, naye hubaki kama alivyokuwa.

Basi, enyi vijana, shikeni mambo matatu. Kwanza, ukiupenda mtindo, utafute umetoka wapi: ni mkono wa nani, wakati gani, na katika shida gani. Pili, kopia kwa mkono wako bila ya haya, wala usiseme ni yako mpaka iwe yako. Tatu, siku moja katika wiki acha vitabu vya watu uchore kilicho mbele yako: jiko, chombo pwani, au mlango wa jirani.

Ama madaftari, bado yako chini ya kitanda, ila moja. Juzi nilimkuta binti yetu nalo, amekaa mkekani mbele ya bibi yake, anachora ile mikono na ile kofia. Kidole gumba kilitoka kama mhogo. Akakifuta, akakichora tena, kikatoka kama mhogo mwembamba zaidi. Mama yangu akaomba aone. Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa, akatazama sana.

"Mikono hii naijua," akasema, akarudi kwenye sindano yake.

Tukijaaliwa, tutaonana mwezi ujao. Wenye kutaka kutuletea michoro yao na waandike nyuma yake ni kitu gani walichokitazama.